Taa ya Pili Mlangoni pa Solika

Mwanamke hafanyi kazi taa za Hanuka zikiwaka. Ndivyo walivyotuachia mama zetu, na Solika Ohana wa ghorofa ya tatu alilishika neno hilo kuliko rabi yeyote wa Yerusalemu. Hanuka ni sikukuu yetu Wayahudi ya jioni nane, kila jioni taa moja zaidi, na sheria inataka ziwake nusu saa tu. Solika alimimina mafuta ya saa mbili.

"Mbona chupa inakwisha upesi hivi?" baba yake, mzee Makhluf, aliuliza kila mwaka ifikapo siku ya tatu.

"Tambi mbovu, Baba. Zinanyonya."

"Hata za mwaka jana zilikuwa mbovu."

"Si anazitengeneza yuleyule."

Mzee aliguna, naye Solika alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, akitazama mvua ikiteremka kiooni. Kwa saa mbili hakuna sahani, hakuna sindano ya kisukari, hakuna soksi za kutia viraka. Jioni nane kwa mwaka, basi. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, jamani, anaiba mapumziko kwa kijiko cha mafuta!

Alizaliwa Sefrou, Moroko, akaletwa Yerusalemu akiwa na miaka tisa, akiwa ameshika sufuria kubwa kuliko kifua chake. Baba yake alikuwa fundi viatu. Mama alifariki Solika akiwa na miaka ishirini na minne, akaacha wadogo wawili: Perla wa miaka tisa na Amram wa miaka saba. Siku saba za matanga hazijaisha, Solika alishakuwa mama wa nyumba bila mtu kumuuliza. Asubuhi alikwenda kufua mashuka hospitalini, mchana akarudi kupika, jioni akakagua madaftari ya watoto ingawa hesabu zenyewe hakuzijua.

Wakati huo alikuwako Nisim, fundi wa mabasi, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Alikuja kumposa rasmi, na kisanduku cha peremende mkononi.

"Sikukatalii," mzee Makhluf alimwambia. "Subiri kidogo tu. Watoto wakue."

Nisim alisubiri kidogo. Alisubiri Perla amalize darasa la saba, akasubiri Amram afikishe miaka kumi na mitatu aitwe kusoma Torati mbele ya watu. Siku hiyo Nisim alikuja na mkewe. Ndiyo, mkewe, na tumbo lake la miezi sita. Solika aliwapakulia nyama wote wawili, akawaongeza na mchuzi.

Perla akaolewa, Amram akaoa. Macho ya mzee yakaanza kufifia kwa kisukari, mguu wa kushoto ukafa ganzi. Solika akabaki. Kwetu hawasemi mtu amenaswa, wanasema ana moyo mzuri. Mashangazi walimpapasa shavu sinagogini: "Mvumilivu hula mbivu, mwanangu." Mbivu ipi? Zilishaanguka zote zikaliwa na ndege.

Sasa kuna jambo moja kuhusu taa. Ghorofa ya chini ya Solika wanakaa watu wa Polandi, Bi Gitel na watoto wake watano, na kwao kila mtu ana taa yake. Ikifika Hanuka dirisha la Bi Gitel linawaka mpaka unadhani nyumba inaungua. Hata kale kadogo ka miaka minne kana kitaa chake cha bati. Sisi watu wa Moroko si hivyo. Kwetu nyumba moja taa moja, baba anawasha, waliomo wanaitikia Amina, na kila alaye mezani pake amekwisha kuwashiwa. Ukitaka kuwasha yako uwe na nyumba yako. Mwanamke aolewe, au awe mjane, lakini aliye kwa baba yake ana taa ya baba yake.

Solika alipofika miaka thelathini alijisahau. Alimkuta mzee mmoja akiuza makorokoro kwenye njia ya soko, akanunua kwake taa ya shaba ya vikombe vinane, iliyopinda mguu. Jioni ya kwanza ya Hanuka, baba alipokwisha kuwasha, yeye akaiweka yake mezani akasoma baraka kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyoisikia maisha yake yote. Akangoja Amina.

Mzee Makhluf aliubana mdomo. Amram, ambaye ndiyo kwanza ameota vinyweleo vitatu juu ya mdomo, akanyanyua kidole: "Baraka ya bure! Hairuhusiwi kuitikia. Dada amelitaja jina la Mungu bure!" Naye Perla akaangalia viatu vyake.

Hakuna aliyemgombeza, na hicho ndicho kilichomuuma. Walimwacha na baraka yake imening'inia hewani, wakaenda kula. Kesho yake Solika aliifunga taa kwenye blanketi akaitia juu ya kabati. Ilikaa humo miaka kumi na sita.

Haya, tuje mwaka huu. Mwezi mmoja kabla ya Hanuka, mfanyakazi mwenzake alimwambia kwamba shule moja ya bweni ya wasichana, huko Safed milimani, inatafuta mwanamke wa kusimamia nguo na ushonaji. Solika alimwambia baba yake anakwenda kung'oa jino, akapanda basi alfajiri. Mama mkuu wa shule alimtembeza, akamwonyesha vyerehani vinne na kabati za mashuka. Mwisho akamfungulia chumba kidogo nyuma ya bustani.

"Hiki kinakuwa chako. Kina mlango wake wa nje, kama unavyoona. Ufunguo ni mmoja, usiupoteze."

Solika aliushika mlango. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. Mama mkuu akadhani anakagua bawaba.

"Jibu nilipate kabla Hanuka haijaisha," akasema. "Jumapili inayofuata wasichana wanarudi, na nina wengine watatu wanaoitaka kazi hii."

Usiku ule alirudi nyumbani amefunga shavu kwa kitambaa, kwa ajili ya lile jino.

"Limetoka?" mzee akauliza.

"Bado, Baba. Limelegea."

Alijiapiza kusema jioni ya kwanza ya Hanuka. Lakini Amram alikuja na watoto wake wote, mmoja akatapika juu ya zulia, neno likapita. Ya pili ilikuwa Ijumaa, Sabato inabisha hodi, nani atangaze habari kama ile na sufuria ziko motoni? Ya tatu mguu wa mzee ulivimba. Ya nne aliketi kabisa mbele yake, akasema, "Baba," na mzee akasema, "Naam, mwanangu, nikune hapa mgongoni, hapa, kidogo tu," akamkuna. Ya tano, ya sita, ya saba, kila jioni taa moja ikiongezeka na neno bado halijatoka. Usingizi ukampaa. Aliota anatafuta mlango kwenye ukuta mtupu, akiupapasa kwa mikono yenye unga. Angemwacha vipi mzee asiyeona mlango wa choo? Lakini angebaki vipi? Akimzika baba yake atakuwa na miaka sitini, na watakuja kumpapasa shavu.

Alhamisi, siku ya kuwasha taa ya nane, alisimama kwenye simu ya ukutani pale kazini, mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake, akapiga Safed.

"Nakuja," alisema. Ikabidi aseme mara tatu, mara ya tatu akipiga kelele, mpaka wanawake wote wa mashukani wakageuka.

Basi akawa mtu wa ajabu: ameshawaambia wageni, hajamwambia baba. Alirudi nyumbani akakanda unga wa sfenj, yale maandazi yetu ya tundu ambayo bila hayo hakuna Hanuka. Aliukanda kwa hasira mpaka meza ikatembea.

Perla na Amram walifika jua likikaribia kuzama, kila mmoja na mwenzi wake, watoto wameachwa kwa bibi zao.

"Mmm! Harufu imenipokea kwenye ngazi," Perla alisema, akabeba andazi la moto akilirusha mkono hadi mkono. "Dada, mikono yako ikatwe ihifadhiwe makumbusho."

"Ikatwe nani atakupikia?" mumewe akacheka. "Huyu ni ile taa ya kuwashia wenzake. Bila yeye hapa hapawaki kitu!"

Solika akacheka, maana ndivyo ilivyotakiwa.

Amram akakohoa kile kikohozi chake cha ualimu. Anafundisha vijana wa dini, na tangu apate kazi hiyo hawezi kuomba chumvi bila kuitolea hoja.

"Dada, mimi na Perla tumekaa tukafikiri. Baba usiku anaamka. Juzi kidogo aanguke. Kwa hiyo tumeona uhamishie kitanda chako chumbani kwake, umsikie hata akigeuka."

"Na chumba changu?"

"Kile?" Perla akafuta sukari mdomoni. "Tungeweka yale makabati yangu, Dada, kwa muda tu. Kwangu hakupitiki. Si unalala tu mule?"

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, hayo waliyasema wahenga, na wangewaona hawa wawili na maandazi mkononi wangeyasema tena kwa matusi. Solika aliwatazama. Hawakuwa wabaya. Aliwaogesha wote wawili, akamtoa Amram chawa nywele kwa nywele. Walikuwa wakimwomba mlango wake jinsi ambavyo wangemwomba kijiko.

"Jua linazama," mzee Makhluf akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nipelekeni kwenye taa."

Mzee akasoma baraka, wote wakaitikia Amina, na Solika, kama kila jioni, akamshika mkono akauongoza mshumaa wake kutoka kikombe hadi kikombe, vyote vinane. Wakaimba, mkwe akakosea maneno kama kawaida yake. Halafu wakageukia meza.

Solika hakugeuka. Aliingia chumbani kwake, akapanda juu ya kitanda, akavuta blanketi kutoka juu ya kabati. Akatoka na kigoda mkono mmoja na taa ya shaba mkono mwingine. Akaiweka taa juu ya kigoda kwenye mlango wa chumba chake, upande wa kushoto, akaitilia mguu uliopinda kipande cha gazeti. Akatia tambi na mafuta, mengine yakamwagika sakafuni.

"Dada?" Perla akasema. "Unafanya nini?"

"Nawasha."

"Baba ameshawasha," Amram akasema. "Umekwisha kuwashiwa. Nyumba moja taa moja, Dada, hayo unayajua tangu hujanijua mimi."

"Hapa kuna nyumba mbili," Solika akasema.

Hata kitafunio cha mkwe kilisimama shavuni.

"Jumapili nakwenda Safed. Nimepata kazi kwenye shule ya wasichana, na chumba. Nimeshawajibu ndiyo. Lile jino, Baba, lilikuwa uongo."

Zikafumuka kelele! Perla akalia, "Na Baba je?", mkewe Amram akauliza Safed iko baridi kiasi gani, kana kwamba hilo ndilo la maana. Amram aliwapita wote kwa sauti.

"Kwenda ni jambo lingine, tutalizungumza! Lakini ukisoma baraka hapo ni baraka ya bure. Bado unalala hapa, bado unakula mezani pa Baba. Alaye mezani pa mtu hana taa yake. Ukisoma, hakuna atakayeitikia. Nakuonya kwa heshima, Dada."

Solika aliijua hiyo heshima. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiisikia kutoka juu ya kabati.

"Amram," mzee Makhluf akasema. Hakupandisha sauti. "Unga wa maandazi unayokula umenunuliwa na nani?"

"Baba, sisemi juu ya..."

"Nimekuuliza unga."

Amram akatazama andazi lake. Mzee alikaa ameelekeza uso kule mlangoni, kwenye kile kidogo alichoweza kuona bado, mdomo wake umebanwa. Solika aliujua mdomo ule. Ulivyobanwa sasa ndivyo ulivyobanwa siku ile. Moyo ukamshuka. Akajisemea, basi, kama ni kuning'inia na ining'inie, safari hii siifungi kwenye blanketi.

Akawasha mshumaa. Akasoma, sauti ikikwaruza:

"Umebarikiwa wewe, Bwana, Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako, ukatuamuru kuwasha taa ya Hanuka."

Perla aliangalia viatu vyake. Amram alitikisa kichwa. Jiko la mafuta ya taa lilisikika likitoa mlio wake kwenye pembe.

"Amina," mzee Makhluf akasema.

Aliitamka kwa nguvu, kama anavyoitamka sinagogini. Halafu Perla akasema Amina, na mkwe, na mke wa Amram, kila mmoja kwa wakati wake, ovyo ovyo. Solika akawasha kikombe cha kwanza, na cha pili, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Hakuyafuta, akaendelea hadi cha nane.

"Baba!" Amram akalipuka alipoona vyote vinane vinawaka. "Kuitikia baraka ya bure, wewe? Wewe uliyenifundisha?"

"Alaye mezani pa mtu hana taa yake," mzee akasema. "Nilikufundisha mimi, na ni kweli. Sasa nihesabie wewe mwalimu: tangu nilipoweka nyundo chini, miaka yote hii, nani amekula mezani pa nani? Taa ya bure ni ile yangu, mwanangu. Dada yako ameniachia niwashe, na hakuwahi kunikosesha Amina. Na mafuta yake ya saa mbili nilikuwa nayajua. Mimi nimepofuka macho, sikupofuka pua."

Solika akaja akapiga magoti mbele ya kiti chake. Mzee akampapasa uso, akakuta umelowa.

"Jumapili hii?"

"Jumapili hii, Baba. Basi la asubuhi."

Mzee alivuta pumzi. Midomo ikajipanga yenyewe, ile njia yake ya zamani.

"Subiri ki..." alisema, akaacha. Mkono wake ukamwacha Solika shavu, ukaenda kushika mkono wa kiti. Alipozungumza tena aligeuzia uso upande wa pili.

"Amram. Sindano yangu ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili usichelewe."

"Saa kumi na mbili," Amram akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu hakuitolea hoja.

Perla alijifuta pua, akainuka akachemshe chai, kwa mazoea ya mtu asiyejua akae wapi.

"Kaa chini," mzee akamwambia. "Taa za dada yako zinawaka. Mwanamke hafanyi kazi."

Wakakaa, Solika kwenye kiti chake cha dirishani, Perla karibu naye, amelaza kichwa begani kwake kama alipokuwa wa miaka tisa. Amram ndiye aliyekwenda jikoni. Walimsikia akifungua kabati, akifunga, akifungua jingine, kikombe kikaanguka.

"Dada!" akaita. "Sukari inakaa wapi?"

Solika aliinua makalio nusu kutoka kitini. Kisha akazitazama taa, mafuta yalikuwa bado tele, akakaa tena.